Watoto Wasio na Majina

Tarehe 11 Aprili 1912, Lewis Hine aliwapiga picha wavulana wanne waliokuwa wakiuza magazeti kwenye ngazi za jengo la Bunge hapa Washington. Katika maelezo ya picha aliandika majina na umri wao: Tony miaka 8, Dan 9, Joseph 10, John 11. Hine alikuwa akiifanyia kazi kamati ya kitaifa iliyopinga ajira ya watoto. Sheria ya nchi nzima iliyodumu ilipatikana mwaka 1938, na wakati huo Tony alikuwa mtu mzima. Lakini jina lake lipo mpaka leo katika Maktaba ya Bunge, na yeyote anaweza kulisoma bure.

Sasa shuka mpaka National Mall. Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Afrika ina hazina ya picha iliyopewa jina la Eliot Elisofon, na humo zimo postikadi za zamani za Zanzibar, nyingine za studio ya ndugu wa Coutinho. Postikadi za namna hii waliuziwa wasafiri wa meli. Watoto wamesimama kichochoroni, wamekaa barazani, na maelezo, kwa Kiingereza au Kijerumani, mara nyingi ni "watoto wa kienyeji", basi. Studio imeandikwa jina, mtoto hakuandikwa.

Majina hayo hatutayapata tena. Lakini maelezo si jina tu. Binti amejitanda kanga au kaniki? Alichobeba ni kikapu au pakacha? Ile ni kofia ya viua? Mwanafunzi wa mwaka wa pili atakwama hapo (sisi tunakwama!), ila bibi zetu walioko Silver Spring na Alexandria wanajibu bila kufikiri, tena kwa maneno ambayo hayamo katika vitabu vyetu vya darasani.

Kwa hiyo tunataka klabu ianze muhula huu: kila mkutano picha moja, mzee mmoja, na maelezo ya Kiswahili yatakayoandikwa hapo hapo. Wapo wenzetu wanaosema hiyo ni kazi ya wataalamu wa makumbusho. Wataalamu wanaijua karatasi na tarehe yake. Pakacha je? Na wazee hawatatungoja mpaka tumalize shahada.

Picha ya kwanza tumeshaichagua. Kama una bibi anayependa kusahihisha watu, mlete.