Usukani Unaopiga Kelele

Kelele ya usukani hutafutwa gari likiwa limesimama: mmoja azungushe, mwingine asikilize huku akipapasa shafti chini ya dashibodi. Mkwaruzo laini karibu na honi mara nyingi hutoka kwenye utepe wa nyaya za mfuko wa hewa. Hapo waya wa betri huchomolewa, na dakika kadhaa husubiriwa kabla ya kufungua chochote. Mlio wa mpira mkavu miguuni pa dereva, shafti inapopenya ukuta wa injini, huisha kwa grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida huweza kuuvimbisha mpira huo. Mgongano unaohisiwa mkononi huashiria jointi iliyolika. Kuipaka mafuta ni kujidanganya, hubadilishwa. Mvumo unaopanda na mzunguko wa injini kwa kawaida ni wa pampu ya usukani, na shafti isisumbuliwe.