Uchambuzi: Pete za ubingwa si mizani ya haki ya kumpima kwotabeki

Tarehe 4 Februari 2018, Tom Brady wa New England Patriots alirusha pasi zilizosogeza mpira kwa jumla ya yadi 505 katika Super Bowl, fainali ya ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL. Hakuna mchezaji aliyewahi kufikisha kiasi hicho katika fainali hiyo. Hata hivyo, timu yake ilishindwa na Philadelphia Eagles kwa pointi 41 kwa 33. Mwaka mmoja baadaye alirejea katika jukwaa lile lile dhidi ya Los Angeles Rams. Safari hiyo hakutoa hata pasi moja ya kufunga, na pasi yake moja ilinaswa na wapinzani. Lakini Patriots walishinda 13 kwa 3, na Brady akajipatia pete yake ya sita ya ubingwa.

Kwa wanaomhukumu mchezaji kwa idadi ya mataji, usiku wa kwanza ni doa na wa pili ni fahari. Kwa aliyeutazama mchezo wenyewe, hukumu hiyo imepinduliwa kichwa chini. Hapo ndipo penye kiini cha mabishano yanayorudi kila msimu nchini Marekani: kwotabeki bora ni yupi, na apimwe kwa mizani gani?

Kazi ya mtu mmoja katika mchezo wa wengi

Msikilizaji aliyezoea kandanda ana haki ya kuuliza kwa nini swali hili lina uzito kiasi hicho. Kwotabeki ndiye anayeongoza mashambulizi. Karibu kila mpira unapoanzishwa hupita mikononi mwake, naye huwa na sekunde chache tu za kuamua: amrushie mwenzake aliye mbali, amkabidhi aliye karibu, au akimbie nao mwenyewe. Ndiyo maana hulipwa kuliko wenzake, na ndiyo maana lawama humwangukia wa kwanza.

Lakini kuna jambo moja linalotofautisha mchezo huu na kandanda. Wachezaji wanaoshambulia si wale wanaolinda. Wapinzani wanaposhika mpira, kwotabeki hutoka nje ya uwanja na kukaa benchi. Mshambuliaji wa kandanda anaweza kurudi nyuma kuwasaidia mabeki wake, lakini kwotabeki hana fursa hiyo. Nusu ya matokeo anayohukumiwa nayo huamuliwa wakati yeye ni mtazamaji kama sisi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Peyton Manning. Katika msimu wa 2013, akiwa na Denver Broncos, alitoa pasi 55 za kufunga na kufikisha yadi 5,477, rekodi mbili za msimu mmoja. Timu yake ilifika fainali ikapigwa na Seattle Seahawks 43 kwa 8. Miaka miwili baadaye, mwili ukiwa umechoka na majeraha yakimwandama, alitoa pasi 9 tu za kufunga, huku 17 zikinaswa na wapinzani. Katikati ya msimu huo alilazimika kumwachia mwingine nafasi yake. Lakini Broncos walikuwa na safu kali ya ulinzi, wakaishinda Carolina Panthers 24 kwa 10, na tuzo ya mchezaji bora wa fainali ikaenda kwa mlinzi Von Miller. Manning alistaafu akiwa bingwa. Anayehesabu pete peke yake atalazimika kusema kwamba msimu wake dhaifu ulikuwa bora kuliko msimu wake wa ajabu.

Takwimu nazo zina umri

Wapo wanaokimbilia takwimu wakidhani huko ndiko kwenye haki. Brady alimaliza misimu 23 akiwa na yadi 89,214 na pasi 649 za kufunga, akiwa mbele ya wote waliomtangulia. Lakini takwimu nazo huzaliwa na sheria za wakati wake. Johnny Unitas alipotoa pasi 32 za kufunga mwaka 1959, msimu ulikuwa na mechi 12. Mwaka 1978 mechi zikawa 16, na mwaka 2021 zikawa 17. Tena mwaka huo wa 1978, NFL iliwabana walinzi wasiwaguse wapokeaji pasi baada ya yadi tano za mwanzo, na ikawaruhusu wanaomkinga kwotabeki kunyoosha mikono. Tangu hapo kurusha pasi kukawa rahisi zaidi, na tarakimu zikapanda.

Kwa hiyo njia yenye uadilifu zaidi ni kumlinganisha mchezaji na wenzake wa zama zake. Kwa mizani hiyo, Dan Marino wa Miami Dolphins anasimama mahali pa juu sana. Mwaka 1984, akiwa katika msimu wake wa pili tu, alitoa pasi 48 za kufunga wakati rekodi ya ligi ilikuwa 36. Alifikisha pia yadi 5,084, rekodi iliyodumu miaka 27. Ilipovunjwa mwaka 2011, makwotabeki watatu walivuka yadi 5,000 katika msimu huo mmoja, dalili kwamba mchezo wenyewe ulikuwa umebadilika. Marino alicheza fainali moja tu, akashindwa na San Francisco 49ers ya Joe Montana, na hakurudi tena. Montana ana pete nne, Marino hana hata moja. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini sehemu kubwa yake ni tofauti ya timu mbili.

Pamoja na hayo, tusiende upande wa pili na kusema kwamba kwotabeki si kitu. Mwaka 2008 Brady aliumia katika mechi ya kwanza ya msimu, na Patriots, chini ya mwalimu Bill Belichick, wakashinda mechi 11 kati ya 16 wakiwa na kwotabeki wa akiba. Wengi walisema siri ni mwalimu. Mwaka 2020 Brady alihamia Tampa Bay Buccaneers na kutwaa ubingwa katika msimu wake wa kwanza huko. Patriots, wakiwa na mwalimu yule yule, walishinda mechi 7 na kupoteza 9. Ushahidi huo wa pande mbili una maana kubwa kuliko pete zote saba: timu nzuri inaweza kuishi bila kwotabeki wake kwa muda, lakini kuna watu ambao kuondoka kwao huacha pengo lisilozibika upesi.

Waliozuiwa mlangoni

Lipo swali jingine ambalo wengi hulisahau. Kabla ya kumlinganisha mtu na wenzake, ni lazima awe ameruhusiwa kucheza. Kwa miongo mingi Wamarekani weusi walionyesha uwezo wa kwotabeki vyuoni, kisha wakaambiwa wabadilishe nafasi wanapotaka kuingia katika ligi kuu. Dhana iliyotawala ni kwamba nafasi hiyo ilihitaji akili na uongozi, na waliokuwa na mamlaka ya kuchagua hawakuamini kwamba weusi walikuwa navyo.

Warren Moon alikuwa mchezaji bora wa mechi ya Rose Bowl mwezi Januari 1978 akiwa na Chuo Kikuu cha Washington. Alikataa kubadilisha nafasi, akavuka mpaka kwenda Kanada kuichezea Edmonton, na huko akatwaa ubingwa mara tano mfululizo. NFL ilimfungulia mlango mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 27. Hadi anastaafu alikuwa na yadi 49,325 katika ligi hiyo. Ukijumlisha na 21,228 za Kanada, anavuka 70,000, wakati rekodi ya NFL siku hizo ilikuwa 61,361 za Marino. Ni kweli kwamba uwanja wa Kanada ni mpana zaidi na sheria zake ni tofauti, kwa hiyo hesabu hizo haziwekwi katika kapu moja bila tahadhari. Lakini kuzifuta kabisa ni kumwadhibu mtu mara mbili: kwanza kwa kumnyima nafasi, kisha kwa kumlaumu kwamba hakuitumia. Mwaka 2006 Moon aliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo huko Canton, Ohio, akiwa kwotabeki mweusi wa kwanza wa zama za sasa kupewa hadhi hiyo.

Kati ya kuondoka kwake na kutambuliwa kwake kulikuwa na usiku mmoja wa kukumbukwa. Tarehe 31 Januari 1988, Doug Williams wa Washington alitoa pasi nne za kufunga katika robo ya pili peke yake, timu yake ikaishinda Denver 42 kwa 10, naye akawa kwotabeki mweusi wa kwanza kutwaa Super Bowl. Ilichukua miaka mingine 35 kufikia Februari 2023, ambapo fainali moja iliwakutanisha kwa mara ya kwanza makwotabeki wawili weusi: Patrick Mahomes wa Kansas City na Jalen Hurts wa Philadelphia. Mahomes alishinda 38 kwa 35, na mwaka uliofuata akafikisha pete tatu akiwa na miaka 28. Leo analinganishwa na Brady bila mtu kuuliza kama anafaa nafasi yake. Vijana wa rika la Moon hawakupata hata heshima ya kulinganishwa.

Hukumu iliyo ya haki

Wapenzi wa kandanda wanalijua jambo hili. Hadi Desemba 2022 Lionel Messi aliambiwa kwamba bila Kombe la Dunia hajakamilika. Katika fainali ya Qatar, mguu wa kipa Emiliano Martínez ulizuia mkwaju wa Ufaransa katika sekunde za mwisho za muda wa nyongeza. Kama mpira ule ungeingia, Messi angekuwa mchezaji yule yule, lakini historia ingeandikwa vingine.

Kwa mafanikio, Brady hana mpinzani hadi sasa, na hilo halihitaji mjadala. Ila mwenye mafanikio mengi si lazima awe ndiye mwenye uwezo mkubwa kuliko wote. Anayetaka kumpima kwotabeki kwa haki na aulize mambo matatu: aliwazidi kiasi gani wenzake wa wakati wake, timu yake ilikuwaje alipokuwapo na alipokosekana, na alipewa fursa gani ya kuonyesha alichonacho. Pete zihesabiwe baada ya maswali hayo, wala zisichukue nafasi yake.