Usihesabu muwa mmoja mmoja

Wasee, nitasema na mkasirike: kama unaandika lupu kwenye R ili kuzidisha vekta mbili, yaani safu mbili za namba, unajichosha bure.

Chukua mfano wa hapa kwetu Muhoroni. Mzee ana risiti 40 za mizani ya miwa, kila moja na tani zake na bei yake. Kijana wa kompyuta anaanza: for, mabano, i, mabano tena, mistari sita. Akikosea i moja tu, hesabu ya mzee imeharibika. Na wanatakwimu Ross Ihaka na Robert Gentleman, walioiunda R kule Auckland, walituwekea hii:

malipo <- tani * bei

Mstari mmoja, risiti zote 40. Unataka zilizozidi tani 10 pekee? malipo[tani > 10]. Jumla? sum(malipo). Imeisha.

Eti "lupu inafunza kufikiri". Kwani kuandika i mara sita ndiyo kufikiri? Lupu bado ipo, inazunguka chini kwa chini katika lugha ya C, tena mbio kuliko yako.

Pa kufikiri ni hapa: ukiweka tani 40 na bei 20, R itazirudia zile bei 20 kutoka mwanzo, kimya, bila onyo. Mzee anahesabiwa bei isiyo yake! Kwa hivyo length() kwanza, pande zote mbili, ndiyo uzidishe.

Mwenye lupu fupi kuliko hiyo ailete. Nangoja nikitafuna muwa.