Mandhari ya akili mnemba: Picha imeshuka bei, vipimo bado ghali

BIASHARA ya kuuza mandhari haikuanza na kompyuta. Mwaka 1787 Robert Barker, mchoraji mzaliwa wa Ireland, alipata hataza ya mchoro wa kumzunguka mtazamaji pande zote, akaanza na mji wa Edinburgh unavyoonekana kutoka kilima cha Calton. Mwaka 1793 akafungua jengo la duara katika Leicester Square, London, ambako watu walilipa kiingilio ili wasimame katikati na kugeuka huku na huko. Lakini ili auze mandhari hiyo, ilibidi kwanza mtu apande kilima na kuchora alichokiona.

Sasa sharti hilo limeondoka. Programu ya Stable Diffusion ilitolewa kwa umma Agosti 2022, na mwaka 2023 kampuni ya Marekani ya Blockade Labs ikaanza kutoa huduma ya Skybox AI, ambayo mtu huiandikia maneno machache na kupewa picha nzima ya panorama. Wabunifu wa michezo ya kompyuta walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzipokea huduma za aina hii. Wabunifu wa majengo na bustani nao wana sababu ya kuzitaka, kwa kuwa mteja huelewa haraka zaidi akioneshwa kuliko akisomewa ramani.

Kinachopaswa kuulizwa ni gharama gani hasa iliyoshuka. Picha hizi hutengenezwa zikiwa bapa, kwa uwiano wa 2 kwa 1: nyuzi 360 kwa upana na nyuzi 180 kwa kimo, mfano wa ramani ya dunia ukutani. Kisha programu huibandika picha ndani ya tufe na kumweka mtazamaji katikati. Ukingo wa kushoto lazima ukutane na wa kulia, la sivyo atakayegeuka ataona mshono, kama pazia lililounganishwa bila kulinganisha maua. Sehemu za juu na chini nazo huvutwa, kama Greenland inavyovimba kwenye ramani za shule.

Ukubwa nao ni tatizo. Panorama ya pikseli 8,192 kwa 4,096 ina pikseli zaidi ya milioni 33. Stable Diffusion ya mwanzo ilifunzwa kutoa picha za 512 kwa 512, yaani sehemu moja kati ya 128 ya hizo. Njia za kawaida za kufidia pengo hilo ni kutengeneza picha vipande vipande, au kuanza na ndogo kisha kuikuza. Katika kuikuza, mashine huongeza yenyewe majani, mawe na nyufa za ukuta. Mteja anayesogeza picha karibu ili akague hakagui kitu chochote kilichopo.

Halafu kuna suala la umbali. Ndani ya tufe mtu anaweza kugeuka, lakini hawezi kutembea. Zipo programu zinazokadiria kina cha picha, lakini makadirio hayo hayachukui nafasi ya futi ya mpimaji. Mwenye ghala akiuliza kama lori la tani 7 litageuka uani, panorama haina jibu. Haijui mteremko, haijui maji ya mvua yatapita wapi, na kivuli chake si lazima kifuate jua la mahali husika. Kwa anayepanga kitalu cha miche au paneli za umeme wa jua, upungufu huo ni wa fedha, si wa urembo.

Kwa hiyo gharama ya kuwaza imeshuka, ile ya kupima iko palepale. Hatari ni ofisi ya ubunifu kuacha ya pili kwa kuwa ya kwanza imependeza. Hapo gharama inakuwa haijaokolewa na mtu. Imehama tu kutoka kwa mbunifu kwenda kwa mteja, naye ataikuta wakati wa kumwaga zege.

Mashine hizi pia zina shule zake. Mkusanyo wa LAION-5B wa mwaka 2022 ulikuwa na jozi bilioni 5.85 za picha na maelezo, ambapo takriban bilioni 2.3 zilikuwa za Kiingereza peke yake. Lugha nyingine zaidi ya 100 ziligawana kiasi kinachokaribia hicho. Matterport3D wa mwaka 2017, unaotumiwa sana na watafiti wa panorama, una picha 10,800 kutoka majengo 90 tu. Anayeandika kwa Kiswahili akitaka shamba la migomba na kahawa asishangae akiletewa bustani ya ugenini.

Picha halisi bado zipo, tena bila malipo. Maktaba ya Poly Haven, iliyoanzishwa na Greg Zaal wa Afrika Kusini, hutoa panorama zilizopigwa kwa kamera bila kudai haki yoyote. Nyingi zimebeba mwanga halisi wa jua, jambo ambalo picha ya kawaida yenye ngazi 256 kwa kila rangi haliwezi.

Umiliki nao haujakaa sawa. Ripoti ya Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ya Januari 2025 ilisema maelezo yaliyoandikiwa mashine, peke yake, hayatoshi kumfanya mwandishi wake awe mmiliki wa picha. Mbunifu anayeahidi kumuuzia mteja wa huko haki zote za panorama ya namna hiyo huenda anauza asichonacho.

Mkataba wa busara ungeiweka panorama katika hatua ya wazo, ikiwa na maandishi kwamba ni ya kubuni, na kuweka malipo ya upimaji katika kifungu chake. Mteja naye anaweza kushikilia awamu ya pili ya fedha hadi aoneshwe mchoro wenye vipimo vya eneo lake.