Musinyang'anye watoto simu, mukamate wanaowawinda

Wandugu wa Katogota, Kamanyola, Luvungi, Sange mpaka Uvira mjini, na ninyi mulioko ng'ambo ya Ruzizi kule Burundi: kuna neno linarudiwa siku hizi, nyumbani, masomoni, kanisani. Simu njo inaharibu watoto. Na dawa wanayotoa ni moja tu: nyang'anya simu.

Sisi tunasema hapana.

Simu haijawahi kumuomba msichana wa miaka 14 picha ya uchi. Mtu mzima njo alimuomba. Simu haijawahi kumvisha mtoto magwanda. Mtu mzima njo alimvisha, akamupa silaha, akamupiga video, akatia muziki juu, akaituma TikTok. Na ile video haikusambaa peke yake. Watu wenye ndevu, wenye heshima zao, waliipeleka grupe kwa grupe. Halafu jioni wanamkemea mtoto: wewe na simu yako!

Tarehe 10 Desemba 2025, Australia ilianza kuwafungia watoto wa chini ya miaka 16 mitandao kama TikTok, Instagram na Facebook. Siku zilezile M23 ilikuwa inaingia Uvira, na maelfu ya watu wetu walikuwa wanavuka kukimbilia Burundi. Weka mambo haya mawili kwenye mizani. Kule serikali inaweza kuambia kampuni kubwa: toa akaunti za watoto, la sivyo utalipa faini. Huku, mtoto aliyepotezana na mama yake njiani anamtafuta kwa WhatsApp. Ukimnyang'anya ile simu, umemlinda na nini? Umemkatia kamba aliyokuwa ameshikilia.

Na kuzima mtandao tunakujua. Tarehe 31 Desemba 2018 intaneti ilikatwa nchi nzima, karibu wiki tatu. Haikuwa juu ya watoto, ilikuwa juu ya hesabu ya kura. Kwa hiyo mtu akitwambia kwamba kufunga ni kulinda, tunamuuliza kwanza: unamlinda nani?

Sasa tuseme jambo linalotuuma zaidi. Neno kadogo, wazazi wetu wanalijua vizuri. Vita vya AFDL vya mwaka 1996 vilianzia upande wetu huu, na makubaliano ya AFDL yanaitwa ya Lemera, hapa hapa teritware ya Uvira. Wakati ule, mwenye kutafuta watoto wa kubeba silaha alilazimika kufika kijijini kwa miguu. Mama alimuona, aliweza kuficha mtoto. Leo anaingia mpaka kwenye kitanda bila kupiga hodi. Hasemi « kuja vitani ». Anaonyesha kijana mwenye miwani, bunduki begani, watu wanamushangilia. Kijana asiye na masomo wala kazi anaangalia mara mia moja, na programu ile inamuletea zingine za namna ileile, juu iliona anapenda. Sisi wenye diploma tunakaa bila kazi, tunajua vile ile picha inavuta.

Lakini sheria iko. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inasema mtoto ni kila mtu wa chini ya miaka 18. Anayemwandikisha ao kumtumia mtoto katika jeshi ao kundi la silaha anastahili miaka 10 mpaka 20 ya kifungo. Haiulizi kama ni M23, ni Wazalendo, ao ni jeshi la serikali. Sheria hiyohiyo inaadhibu picha za ngono za watoto: anayezitengeneza, anayezisambaza, hata anayeziweka tu. Ndiyo, papa, hata ile iliyolala ndani ya simu yako.

Na wenye kupiga video wakumbuke Thomas Lubanga wa Ituri. Tarehe 14 Machi 2012, Korti ya Kimataifa ya Jinai kule La Haye ilimkuta na hatia ya kuandikisha na kutumia watoto wa chini ya miaka 15 vitani. Kati ya ushahidi kulikuwa video ya kambi ya Rwampara, yeye mwenyewe akihutubia wanajeshi, watoto wakiwa kati yao. Aliyeipiga hakufikiri kwamba anatengeneza ushahidi. Ninyi pia munautengeneza kila siku.

Basi tunadai hivi:

Maadmini wa grupe zote za bonde la Ruzizi: anayetuma picha ya uchi ya mtoto, ya msichana aliyebakwa, ao ya kadogo mwenye silaha, atolewe saa hiyohiyo. Ukinyamaza, uko naye pamoja.

Wazazi: mtoto akikuletea shida iliyotoka kwa simu, usimpige. Mwenye kumtisha anategemea fimbo yako. Ile hofu ya « papa ataniua » njo inamfanya mtoto alipe na kutii.

Viongozi wenye mamlaka, bendera yoyote mulio chini yake: acheni kuhubiria watoto, fungueni dosie za wanaowawinda.

Na wewe mdogo wetu unayesoma hapa: katika WhatsApp, weka kwamba watu unaowajua tu ndio wanaweza kukuingiza kwenye grupe. Usionyeshe mahali unapolala, zaidi kama uko kambini. Mtu akikutisha kwa picha yako, usilipe, juu atarudi tena. Usifute ujumbe wake, ni ushahidi. Muzuie, na umwambie mtu mzima mmoja unayemwamini. Wewe hauna hatia. Kama picha ilipigwa ukiwa chini ya miaka 18, kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down: simu yako inatengeneza alama ya ile picha, picha yenyewe haitoki, na Facebook, Instagram na TikTok zinatumia ile alama kuitafuta na kuiondoa. Ndani ya WhatsApp haifiki. Kule, wa kuizuia ni yule mtu anayeipokea na kukataa kuituma.

Katogota inabeba tarehe 14 Mei 2000, na kila familia hapa inajua maana yake. Kijiji kilichozika watu wengi hivyo hakiwezi kukubali watoto wake wawe mchezo wa grupe. Leo hii, fungua simu yako, mkubwa. Anza kwako.