Kicheko Katika Njia ya Mwingi



Mwezi uliopita nilimsindikiza sahibu yangu kwenda Nairobi kwa vipimo vya saratani ya matiti. Garissa leo ina kituo chake cha saratani katika hospitali ya rufaa ya kaunti, nayo ni neema kubwa kwetu na kwa jirani zetu wa Wajir, Mandera na Tana River; lakini vipimo vingine bado hutupandisha basi, mwendo wa kilomita zipatazo 370. Tulisali alfajiri tukaondoka, chupa ya chai na kopo la nyirinyiri mkobani, na katika simu yangu filamu moja niliyowekewa na mwanangu.

Kwenye kizuizi cha daraja la Mto Tana tuliteremka sote, kama ilivyo ada ya njia ile. Askari kijana akatazama kitambulisho cha sahibu yangu, akamtazama yeye, uso umekonda na nyusi zimepukutika kwa dawa. “Mama, huyu ni wewe?”

“Ni mimi, mwanangu. Nyusi zimetangulia Nairobi, nami nazifuata.”

Askari akacheka, mstari mzima ukacheka. Mimi peke yangu nilitazama chini kwa haya, kana kwamba nimesikia neno la aibu.

Tulipovuka Madogo nikamfungulia filamu. Jina lake ni Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina mwaka 2018, na ndiyo Kenya iliyoipeleka kugombea tuzo ya Oscar mwaka ule. Ni hadithi ya Jo, binti wa miaka tisa, mgonjwa asiye na tamaa ya kupona, apendaye sinema za mashujaa. Mama yake amtoa hospitali na kumrudisha kijijini, naye ataka alale, apumzike, asiguswe na upepo. Dada yake Mwix aona kwamba siku chache zilizosalia si za kulaliwa kitandani. Basi akashauriana na kijiji kizima kumfanya Jo aamini kuwa ana nguvu za ajabu. Watu wazima, wenye heshima zao, wasimama njiani kama sanamu ili mtoto adhani ameusimamisha wakati! Hapo sahibu yangu alicheka hata mtandio ukalowa, na abiria wa nyuma wakainua shingo kutazama.

Tulipokuwa tukinywa chai Mwingi, alinyamaza kitambo, kisha akaniambia: “Abaayo, mama yule ndiye binti yangu. Tangu niugue nimenyang'anywa hata kisu cha vitunguu. Harusini sipelekwi. Watu wakiingia chumbani huteremsha sauti, utadhani nimekwisha kufa nao wamekuja matangani.”

Maneno yale yalinichoma, kwa kuwa mimi ni mmoja wao. Nilikwenda kwake mara nyingi na machungwa yangu na sauti yangu ya chini, nikaomba dua, nikaondoka kabla chai haijapoa. Nilidhani nimetimiza haki ya kumzuru mgonjwa. Kumbe nilikuwa nauzuru ugonjwa, na mwenyewe sikumwona.

Wako watakaouliza: je, yafaa kucheka mbele ya maradhi? Tunajua kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya mzaha na maswahaba wake, wala hakusema ila kweli. Nadhani mpaka ndio huo. Kumcheka mgonjwa ni uovu. Kumchekesha kwa uongo kwamba hana lolote ni kumdharau akili. Lakini akiufungua mlango wa mzaha mwenyewe, tuingie naye, tusimwache kizingitini peke yake.

Wala kicheko si badala ya tiba. Sahibu yangu alilificha lile donge miezi minane kwa haya, akijipaka mafuta na kusubiri liyeyuke. Kwa hilo hatukucheka, si yeye wala mimi. Dada zangu, mwenye kuona uvimbe au ngozi iliyobadilika na aende hospitali juma hilo hilo, na aseme na mtu. Haya ina mahali pake, hapo sipo.

Filamu hiyo yafaa kutazamwa na watoto wakubwa, mzazi akiwa kando, maana mwisho wake una kifo na watauliza maswali. Waulize. Ni afadhali waulizie sebuleni kuliko makaburini.

Majibu ya vipimo bado twayangoja, nasi twaomba dua zenu. Lakini Ijumaa iliyopita nilialikwa chakula cha mchana kwake. Nilimkuta jikoni, ameketi juu ya kigoda, kisu mkononi, na binti yake kando akimenya viazi bila kusema neno. Macho yao yote mawili yalikuwa yamejaa machozi.

“Usitutazame hivyo,” akaniambia. “Ni vitunguu.”