Wa Kuja, Ushuru na Mtoto Ndani ya Katoni

Siku ya soko Matete, kaunti ya Kakamega, kabla jua halijakaza, kuna maneno manne ambayo lazima uyasikie kibandani ukisubiri chai. Husemwa kwa uhakika ule wa mtu asiyetarajia kuulizwa. Nimeyanyamazia miaka mingi. Leo nitayajibu, ingawa hayana uzito sawa: mengine ni porojo tupu, moja lina nusu ya ukweli.

La kwanza ni kwamba kaunti ndiyo inayotuletea wa kuja. Msemaji huwa amewatia kapu moja watu wawili tofauti: Mganda wa mitumba, na Mkenya aliyetoka Kisii au Murang'a kuja kuuza vipuri. Huyu wa pili si mgeni wa mtu. Kifungu cha 39 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kuingia na kuishi popote nchini, na kifungu cha 209 kinaikataza kaunti kutoza kodi itakayozuia bidhaa, mtaji au wafanyakazi kuvuka mpaka wake. Huyo Mganda naye, mambo ya uhamiaji ni ya serikali kuu. Kakamega haina mhuri wa pasipoti. Tena Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inawaruhusu raia wa nchi wanachama kufungua biashara kwa jirani, kwa masharti yaliyowekwa. Mkononi mwa kaunti imebaki leseni na soko lenyewe.

Na kama ni kuulizana nani alitoka wapi, tuanzie hapo Lugari, ndani ya kaunti hii. Sehemu kubwa yake ilikuwa mashamba ya walowezi, yakakatwa vipande na kugawiwa watu wetu kwenye skimu za miaka ya 1960. Babu wa wengi wanaojiita wenyeji leo alishuka na godoro na jembe, hamjui jirani hata mmoja. Tena eneo hilohilo lilionja ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Neno "wa kuja" kwetu lina historia mbaya. Heri anayelitamka alimeze kwanza.

La pili: eti wa kuja hawalipi ushuru. Hili sitalikawiza. Keti karibu na meza za nyanya saa tatu asubuhi, umtazame karani akipita. Mwenyeji humwambia, "Rudi baadaye, shemeji, sijauza hata ya mia." Mgeni hana shemeji. Anatoa pesa, anapewa risiti, anaikunja mara nne na kuisokomeza kwenye sidiria au soksi, maana anajua ataulizwa tena.

La tatu ndilo lenye nusu ya ukweli: misaada ya biashara huenda kwa watu walewale. Kweli, ila si hao wa kuja wanaotajwa. Mikopo mingi ya umma hupitia vikundi. Hazina ya Wanawake, kwa mfano, imezoea kukopesha vikundi vilivyosajiliwa. Kikundi ni watu wanaojuana, waliozikiana, waliochangiana harusi. Aliyehamia mwaka jana ataingia wapi? Ndiyo maana Hustler Fund ya Novemba 2022, pamoja na lawama zake zote, iliwafikia wengine kwa kukopesha mtu mmoja mmoja kwa simu kuanzia shilingi 500. Lakini mia tano hata gunia la kabeji hainunui.

Sasa la nne, ambalo ndilo lililonikalisha niandike: kulea ni kazi ya mama, kaunti ihangaike na barabara.

Fungua Jedwali la Nne la Katiba, sehemu ya pili, penye orodha ya kazi za kaunti. Kwenye mstari mmoja na elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji, utakuta vituo vya kulelea watoto. Vimo humo pamoja na barabara na masoko. Chekechea tumejengewa, tunaziona. Hicho kipande cha mwisho cha mstari ndicho kinachorukwa.

Na Kakamega haiwezi kusema haijui jinsi ya kumshika mzazi mkono. Tangu 2013, enzi ya Gavana Wycliffe Oparanya, kaunti kwa kusaidiana na UNICEF iliendesha Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ambayo wananchi waliibatiza Oparanya Care. Mama asiye na uwezo alipata shilingi 12,000 kwa awamu sita za 2,000, kila awamu ikisubiri ahudhurie kliniki, ajifungulie hospitalini, apeleke mtoto chanjo, hadi mtoto afikishe miezi 18. Wapo waliosema itawafanya wanawake wazae ovyo. Gawanya mwenyewe, kuanzia mimba hadi miezi 18: haifiki shilingi 450 kwa mwezi. Nionyesheni mtu aliyebeba mimba miezi tisa kwa bei hiyo.

Lakini baada ya chanjo ya mwisho mama hurudi sokoni, na mtoto sasa anatembea. Huko Korogocho, Nairobi, watafiti waliwapa baadhi ya akina mama vocha za kulipia vituo vya kulelea watoto. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kwamba uwezekano wao wa kuwa na kazi ulizidi wa wenzao kwa takriban asilimia 17. Sheria ya Afya ya 2017 nayo inamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea mahali pa kazi. Mama muuza omena hana mwajiri. Ana mwenye soko, anayechukua ushuru wake kila siku ya soko.

Huyo mama nimemwona. Mtoto wake hulala ndani ya katoni ya mafuta ya kupikia chini ya meza, amefunikwa leso, inzi wa omena wakimzunguka. Anapima kwa gorogoro huku mguu mmoja ukiitikisa katoni. Akimwita mteja, sauti huipunguza. Mvua ikianza, katoni ndiyo inayonyanyuliwa kwanza. Omena zitalowa kwa muda.